Programu za maabara ya udongo na vizio vya vipimo: swichi ya "SI au Imperial" ndiyo inayotuponza

Changarawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la vizio kwenye programu za maabara ya udongo huulizwa kila baada ya muda, na jibu huwa lilelile: weka swichi kwenye mipangilio, mtumiaji achague SI au Imperial, programu izidishe au igawanye, kazi imekwisha. Mimi napingana na jibu hilo. Nitaeleza kwa kirefu, mwenye haraka aruke moja kwa moja kwenye michango.

Hakuna maabara inayoishi upande mmoja wa swichi hiyo. Maabara inayofuata ASTM (viwango vya upimaji vya Marekani) na kutoa ripoti kwa pauni na futi bado inapima sampuli kwa gramu, na kipenyo mara nyingi kwa milimita, halafu densiti inatoka kwa pcf (pauni kwa futi ya ujazo) na mkazo kwa psf au tsf (pauni au tani kwa futi ya mraba). Ukija upande wa metriki nako si shwari. Mkazo uko kwa kPa, kN/m², MPa, bar na kgf/cm² (kilo-kani kwa sentimita ya mraba). Densiti iko kwa Mg/m³, g/cm³ na kg/m³, na jirani yake, uzito kwa ujazo, yuko kwa kN/m³. Kigezo cha konsolidesheni cv (kasi ya udongo kubana maji yanapotoka) huyu anakiandika kwa m² kwa mwaka, yule kwa cm² kwa sekunde, wa tatu kwa mm² kwa dakika, na wote watatu wanajiita watu wa metriki. Swichi ya pande mbili itamridhisha nani hapo? Kizio kinakwenda na kila kiasi kinachopimwa, kimoja kimoja. Hakikai juu ya programu nzima.

Hilo ni la muundo. Linalonisumbua zaidi ni aina ya makosa yanayopita.

Ukikosea Pa na kPa, namba inakuwa mara elfu na kila mtu anashtuka. Kosa hilo linapiga kelele, halina madhara makubwa. Sasa angalia hizi: bar 1 ni kPa 100. Kgf/cm² 1 ni kPa 98.07. Tsf 1, yaani tani fupi ya pauni 2,000 juu ya futi moja ya mraba, ni kPa 95.76. Angahewa 1 ni kPa 101.325. Zote zimekaa karibu na mia. Ukichukua moja ukaiita nyingine, kosa ni asilimia mbili, nne au sita, grafu inatoka nzuri, injinia anasaini. Na ukikuta "tani kwa futi ya mraba" kwenye karatasi ya zamani ya Kiingereza, huenda ni tani ndefu ya pauni 2,240, hapo 1 ni kPa 107.25. Programu yenye kisanduku kilichoandikwa "mkazo" tu haina namna ya kuligundua kosa hilo.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kilo. Kwenye kisanduku cha mkato cha mm 60 kwa 60, eneo ni cm² 36. Weka kilo 36 juu ya sampuli, fundi wa zamani atakwambia "hiyo ni moja", na yuko sahihi, ni kgf/cm² 1. Lakini ripoti ikitaka kPa 100, tungamo linalohitajika ni kilo 36.71. Programu ikipokea "kilo" kwenye kisanduku cha kani bila kuuliza, lazima mahali fulani izidishe kwa g (mvuto wa dunia), na hapo ndipo unapokuta 9.8 kwenye faili moja, 9.81 kwenye lingine, 9.80665 kwenye la tatu, na bwana mmoja aliyeweka 10 ili hesabu iwe rahisi. Thamani ya 9.80665 ilikubaliwa kimataifa mwaka 1901 kuwa g ya kawaida. G halisi inatoka kama 9.78 kwenye ikweta hadi 9.83 kwenye ncha za dunia, tofauti ya nusu asilimia, ndogo kuliko makosa mengine mengi ya maabara. Sina ugomvi na mtu anayetumia 9.81. Ugomvi wangu ni programu yenye g tatu zisizojuana.

Densiti ina mtego wake. Sampuli ya Mg/m³ 1.85 ni pcf 115.5 na ni kN/m³ 18.14. Kutoka pcf kwenda Mg/m³ hakuna g. Kutoka pcf kwenda kN/m³ g ipo, kwa sababu hapo pauni imegeuka kutoka tungamo kuwa kani bila kubadili jina. Kwa hiyo densiti na uzito kwa ujazo ni viasi viwili, kila kimoja kiwe na safu yake na orodha yake ya vizio. Ukiviweka safu moja yenye jina "densiti" umejichimbia shimo.

Sasa tuje kwenye fomula, na hapa naomba mtulie. BS 1377, kiwango cha Uingereza cha kupima udongo, inakupa cv kwa fomula fupi: 0.111 mara H² gawanya kwa t90, au 0.026 mara H² gawanya kwa t50. H ni unene wa wastani wa sampuli kwa mm, t90 na t50 ni muda wa kufikia asilimia 90 na 50 ya konsolidesheni, kwa dakika, jibu linatoka kwa m² kwa mwaka. Hiyo 0.111 imetoka wapi? Chukua 0.848 ya Taylor, gawanya kwa 4 kwa sababu maji yanatoka juu na chini na njia ya maji ni nusu ya unene, unapata 0.212. Kisha badili mm² kwa dakika kuwa m² kwa mwaka: dakika 525,600 za mwaka mara sehemu moja ya milioni, yaani 0.5256. Zidisha, unapata 0.1114. Ile 0.026 nayo ni 0.197 ya Casagrande iliyopitia njia hiyohiyo.

Maana yake, namba moja isiyo na kizio chochote kando yake imebeba milimita, dakika, mita na mwaka. Programu ikiwa na mazoea mazuri ya kubadili kila kitu kuwa mita na sekunde mlangoni, halafu mtu akanakili 0.111 kutoka kwenye kitabu, jibu ni takataka. Sampuli ya mm 19 yenye t90 ya dakika 9 inatoa 4.45 kwa fomula ya kitabu. Ukipiga kwa SI tupu, 0.848 mara 0.0095² gawanya kwa sekunde 540, unapata 1.417×10⁻⁷ m²/s, ambayo ni 4.47 m² kwa mwaka. Hizo sehemu mbili za mia za tofauti ni mkato wa desimali wa 0.111, si kosa lako, lakini jaribio lako la kiotomatiki likidai usawa kamili litakukatalia na utapoteza nusu siku ukitafuta mchawi.

Haidromita, jaribio la kupima chembe ndogo kwa kasi ya kuzama kwake majini, ni zaidi. Kipenyo cha chembe ni 0.005531 mara kipeuo cha pili cha η·Hr gawanya kwa (ρs − 1)·t. Mnato uko kwa mPa·s, kina kwa mm, muda kwa dakika, densiti ya chembe kwa Mg/m³, jibu kwa mm. Namba 0.005531 ni kanuni ya Stokes ya kuzama kwa chembe, iliyobanwa kwenye vizio hivyo. Na ile "1" ndani ya mabano si moja ya hesabu. Ni densiti ya maji, Mg/m³ 1. Ukihifadhi ρs kwa kg/m³, 2650 kutoa 1 ni 2649, kompyuta haitalalamika hata kidogo.

Msimamo wangu ni huu: ndani ya programu andika fomula ya asili, ya Stokes, ya Taylor, kwa SI tupu. Fomula fupi ya kitabu itumike kuhakiki tu. Usomaji wa fundi uhifadhiwe kama alivyouandika, kwa kizio alichoandika, na usiguswe milele. Ubadilishaji ufanyike namba inapoingia kwenye hesabu na inapotoka kwenda kwenye ripoti, basi. Nimeona programu ambazo mtumiaji akibofya swichi, namba iliyohifadhiwa inaandikwa upya: pcf 125.0 inakuwa kN/m³ 19.6, ukirudi inakuwa 124.8. Sampuli ileile, siku ileile, hakuna aliyeigusa.

Karibuni.

---

Tanuri105

Mkuu Changarawe, umesema kweli ila umeandika kama mtu wa ofisini. Ngoja sisi wa kwenye vumbi tuongezee.

Fundi hasomi milimita. Anasoma mistari ya geji. Geji moja mstari ni mm 0.01, nyingine mm 0.002, na ile ya zamani mstari ni inchi 0.0001. Programu inapomlazimisha aandike mm, anapiga hesabu kichwani au pembeni ya karatasi, na hapo hakuna anayejua alichofanya. Mruhusuni aandike mistari. Thamani ya mstari iwe kwenye kumbukumbu ya kifaa, na kifaa kichaguliwe kwa namba yake ya usajili. Ringi ya kupimia kani hivyohivyo: aandike mistari, programu itafute kani kwenye cheti cha urekebishaji. Na mjue ringi nyingi hazinyooki kabisa, N kwa mstari mwanzoni si sawa na mwishoni, kwa hiyo msiweke namba moja ya kuzidishia mkadhani mmemaliza.

La pili, penetromita ya mfukoni. Skeli yake mara nyingi iko kwa kgf/cm² au tsf, na inasoma nguvu ya mgandamizo usiozuiwa, qu. Kifaa kidogo cha kuzungusha kwa mkono chenyewe kinasoma nguvu ya mkato, su. Kwa udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, su ni nusu ya qu. Nimekuta ripoti ambazo safu moja ina vyote viwili. Kosa la mara mbili si la kizio, lakini linaingilia mlango uleule: kisanduku chenye jina la jumla mno.

La tatu ni dogo. Kizio kiandikwe kando ya kisanduku, palepale macho yanapokuwa. Nani ana muda wa kufungua ukurasa wa msaada mikono ikiwa na udongo?

---

BitiBaiti

Naomba kutofautiana kidogo na wakubwa. Mbona hili limeshatatuliwa? Python ina maktaba ya Pint, C++ ina Boost.Units, na F# ina vizio ndani ya lugha yenyewe. Ukijumlisha kPa na mm programu inakataa. Funga kila namba na kizio chake, ile 0.111 nayo ifungwe na vizio vyake, hadithi imekwisha. Uzi mrefu wa nini?

---

Changarawe

Mdogo wangu BitiBaiti, maktaba hizo nazitumia na nazipenda. Ila soma alichoandika Fundi Tanuri105 hapo juu. Maktaba inajua kPa si mm. Haijui qu si su. Haijui mkazo wa jumla si mkazo fanisi, wala kwamba shinikizo la maji ya vinyweleo ni kitu cha tatu, maana vyote ni kPa. Nguvu ya kuzungusha ya jaribio la vani (bapa zinazozungushwa ndani ya udongo) iko kwa N·m, nishati ya kushindilia nayo ni N·m, kwa maktaba hao ni mapacha. Na viasi visivyo na kizio kabisa, uwiano wa uwazi, kiasi cha maji, kiwango cha kujaa, mkunjo wa sampuli, maktaba inaviona kitu kimoja.

Hapo kwenye asilimia ndipo pa kuogopa. Kiasi cha maji cha 18 badala ya 0.18 ukikigawanyia kwenye 1 + w, densiti kavu inakuwa kichekesho, utaona. Lakini chukua traiaksia, jaribio la kugandamiza silinda ya udongo. Eneo linasahihishwa kwa kugawanya kwa 1 − ε, ambapo ε ni mkunjo. Mkunjo wa asilimia 3 ukiingia kama 0.03 kwenye programu inayodhani imepewa asilimia, inausoma 0.0003 na sahihisho linatoweka kabisa. Nguvu ya udongo inapanda kwa asilimia 3 hivi. Mfinyanzi laini ukivunjika kwenye asilimia 15, inapanda kwa zaidi ya 17. Hakuna kizio kilichokosewa, maktaba imelala usingizi, na kosa limeelekea upande ule mbaya: udongo unaonekana imara kuliko ulivyo.

Joto nalo usilisahau. Tofauti ya nyuzi 9 za Farenhaiti ni nyuzi 5 za Selsiasi. Ukiibadili kana kwamba ni usomaji wa kipimajoto unapata −12.8. Pint inalijua hili na ina kizio tofauti kwa ajili ya tofauti za joto, lakini lazima wewe uiambie ni ipi.

Halafu maktaba inaishia ukingoni mwa programu yako. Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA cha kwenda Mars, ilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa pauni-kani sekunde, na iliyopokea ikausoma kuwa niutoni-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Kati yao kulikuwa na faili la namba. Kwetu sisi faili hilo ni CSV inayotoka kwenye kifaa cha kunasa data, safu ya tatu imeandikwa "Load", basi.

---

Msingi_wa_Mwamba

Nachangia kama mpokeaji, mimi nasanifu misingi na sikai maabara.

Kwa faili, AGS, muundo wa kubadilishana data za ardhi, ilishatupa njia. Kila kundi la data lina mstari wa vichwa, chini yake mstari wa UNIT, chini yake mstari wa TYPE, ndipo data zinaanza. Kizio kimesafiri na namba. DIGGS nayo, ile ya XML, inabandika kizio kwenye kila thamani kwa kiambatisho cha uom. Tatizo ni binadamu: mtu anafungua faili la AGS kwenye jedwali la kompyuta, anaona mistari miwili "inayomsumbua" akitaka kupanga data, anaifuta. Anayepokea baada yake anabaki na namba tupu.

Mstari wa TYPE nao una jambo. 2DP maana yake desimali mbili, 3SF tarakimu tatu zenye maana, 1SCI mtindo wa kisayansi. Nilishaletewa data za upenyezaji wa maji zilizotolewa kwa 2DP. Upenyezaji wa 1×10⁻⁹ m/s kwa desimali mbili ni 0.00. Safu nzima sufuri, na programu iliyotoa haikuona ajabu.

Na hapa niongeze kwenye nadharia ya Changarawe ya makosa yanayopiga kelele. Kwenye upenyezaji hata kosa la mara mia halipigi kelele. Kokoto na mfinyanzi wanatofautiana kwa mamilioni, kwa hiyo namba yoyote inaonekana inawezekana. Wanaofanya kazi za tabaka za kuzuia maji chini ya madampo wanajua: kikomo kinachotajwa sana ni 1×10⁻⁹ m/s, ambacho ni 1×10⁻⁷ cm/s. Mtu akisoma "kumi kwa hasi saba" akadhani ni m/s, anakubali tabaka linalovuja mara mia. Kiasi hiki kikiwa peke yake, mimi ningekataa kuonyesha namba bila kizio hata kwenye mhimili wa grafu.

Na joto limetajwa vizuri. Mnato wa maji kwenye nyuzi 20 ni kama mPa·s 1.00, kwenye nyuzi 30 ni 0.80. Maabara isiyorekebisha kwenda nyuzi 20 inaripoti upenyezaji mkubwa kwa robo. Programu ionyeshe k (upenyezaji) ya joto la jaribio na k20 (ya nyuzi 20) kwa majina mawili.

---

Nyundo_na_Moldi

Nimesubiri mtu aguse Prokta, jaribio la kushindilia udongo, naona kimya.

Programu fulani nilipoiwekea Imperial, jaribio la kushindilia la BS lilibadilika: nyundo ya "pauni 5.51" inayodondoka "inchi 11.81". Nyundo hiyo haijawahi kutengenezwa. ASTM D698 ina nyundo ya pauni 5.5 na inchi 12, moldi ndogo ya 1/30 ya futi ya ujazo, ambayo ni cm³ 944, matabaka matatu, mapigo 25. BS ina kilo 2.5, mm 300, moldi ya lita moja, matabaka matatu, mapigo 27. Ukipiga hesabu ya nishati zinakaribiana sana, ya kwanza kama kJ/m³ 593, ya pili 596, na kwa sababu hiyo watu hudhani ni jaribio moja kwa vizio viwili. Ni majaribio mawili. Vipimo vya kifaa ni sehemu ya jina la njia ya upimaji, havibadilishwi.

Chekeche ndiyo usiseme. "Namba 200" ni jina, tundu lake ni mm 0.075. Mpaka wa mchanga na matope upande wa BS na ISO ni 0.063. Nimeona programu inayobadili moja kuwa nyingine mtumiaji anapogeuza swichi, kana kwamba udongo uliopita kwenye tundu moja umepita na kwenye lingine. Kama chekeche ya 0.063 haikutumika, hakuna namba ya kuandika hapo. Ukikadiria kwenye mchoro, sema umekadiria.

CBR, kipimo cha uimara wa udongo wa barabara, pia. BS inasoma kwenye mm 2.5 na kugawanya kwa kN 13.2. ASTM D1883 inasoma kwenye inchi 0.1, yaani mm 2.54, na kugawanya kwa psi 1,000. Pistoni ya inchi 3 za mraba inafanya hiyo iwe pauni-kani 3,000, kN 13.34. Tofauti ni asilimia moja hivi, haitavunja barabara, lakini mteja mwenye hesabu zake atakuuliza kwa nini 30 yako ni 29.7 yake.

---

BitiBaiti

Nimekubali, narudisha upanga alani. Swali sasa: nimeachiwa hifadhidata ya zamani ya maabara. Kuna safu inaitwa "shinikizo" na nyingine "densiti", vizio hakuna, mwandishi wake hayupo. Nifanyeje? Nimefikiria kuandika kanuni ikisie kutokana na ukubwa wa namba.

---

Changarawe

Kwa densiti kanuni yako itafanya kazi karibu kila mahali, kwa sababu udongo wa madini una mipaka. 1.85 ni Mg/m³, 1850 ni kg/m³, 18 na kitu ni kN/m³, 115 ni pcf. Mboji na udongo wa majivu ya volkano watakusumbua kidogo. Lakini kwenye kN/m³ bado hujamaliza: 18.5 hiyo ilizidishwa kwa 9.81 au kwa 10? Ikiwa ni 9.81, densiti ni 1.886. Ikiwa ni 10, ni 1.85. Tafuta sampuli ambazo tungamo na ujazo vimehifadhiwa pia, hesabu upya, utajua nyumba hiyo ilikuwa inatumia g gani.

Tumia pia kiwango cha kujaa kama mlinzi. Densiti 1.85, maji asilimia 18, chembe 2.65. Ukidhani 1.85 ni densiti kavu, kujaa kunatoka asilimia 110, haiwezekani. Ukidhani ni densiti yenye maji, kunatoka 69. Basi safu hiyo ni ya densiti yenye maji, ingawa haikuandikwa.

Shinikizo ndilo gumu. Angalia hatua za mkazo za oedomita, kifaa cha kupima konsolidesheni. Ukiona 25, 50, 100, 200, 400, hizo ni kPa bila shaka. Ukiona 0.25, 0.5, 1, 2, 4, umekwama, kwa sababu kgf/cm² na tsf zote hupandishwa hivyohivyo na tofauti yake ni asilimia 2.4. Ukubwa wa namba hautakusaidia kitu. Usikisie.

---

Tanuri105

Hapo karatasi itasema, kama haijaliwa na mchwa. Tafuta kipenyo cha pete na kilo zilizotundikwa. Pete ya mm 63.5 ina eneo la cm² 31.67. Mtu wa kgf/cm², kwa hatua ya "moja" na mkono wa wenzo wa 10 kwa 1, alitundika kilo 3.167. Mtu wa tsf alitundika 3.092. Uzani wa maabara hukatwa maalumu kwa hizo hatua, na mara nyingi umegongwa namba ubavuni. Kama zile uzani bado zipo kabatini, zipime kwenye mzani leo, zitakupa jibu kabla hujafungua faili hata moja. Ila hakikisha ni za oedomita hiyohiyo, maabara huazimana.

---

BitiBaiti

Asante Fundi. Zisipopatikana?

---

Changarawe

Ongeza safu mbili: kizio, na chanzo cha kizio. Chanzo kiwe na thamani tatu tu: kimeandikwa, kimekokotolewa, hakijulikani. Ambavyo havijulikani programu ivionyeshe kama vilivyo, na ikatae kuvibadili, kuvichora kwenye grafu moja na vingine, au kuvitoa kwenye AGS. Watumiaji watakupigia simu kulalamika wiki ya kwanza. Waambie wakuletee karatasi.

---

Msingi_wa_Mwamba

Na kwenye ripoti ya PDF itokee vivyo hivyo, "kizio hakijulikani", kwenye kichwa cha safu. Isiwe tanbihi ukurasa wa mwisho. Mimi nikiiona hapo naagiza sampuli nyingine. Nisipoiona, nitatumia 96 au 98 kulingana na nilichozoea.